Jiko la Kuni Linalojipimia Hewa: Tengeneza Kilango Kinachofungua na Kufunga Chenyewe

Mwezi Mei ukiisha na baridi ya nyanda za juu ikianza kuuma, simu yangu haipumziki. Wa Makete anauliza kwa nini jiko lake linameza kuni zote kabla ya saa sita za usiku, kisha alfajiri nyumba inakuwa barafu. Wa Mafinga anasema akilibana hewa linajaa moshi, akiliachia bomba linakaribia kuwa jekundu. Mama mmoja wa Uyole ndiye aliyeuliza vizuri kuliko wote: "Mwanangu, hakuna kitu cha kuliangalia hilo jiko usiku, mimi nikalala?"

Kipo, mama. Hakitaki umeme, na sehemu zake nyingi zinapatikana kwa wauza vyuma chakavu. Nimeandika hatua zote hapa kwa sababu kwenye simu mtu husikia nusu, na nusu anayoikosa mara nyingi ndiyo ya usalama.

Jiko linalofaa na lisilofaa

Mwongozo huu ni wa jiko la chuma lililofungwa pande zote, lenye mlango unaobana na bomba la moshi linalotoka nje juu ya paa. Awe amelichomelea fundi wa mtaani kwa pipa au kwa bamba, au limenunuliwa dukani, yote sawa.

Jiko la mkaa la kubeba halimo. Hilo halina bomba, na hakuna kilango kitakacholifanya lifae kulala nalo chumbani. Linatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi watu hulala nalo wasiamke. Ukiwa nalo ndani usiku wa leo, litoe nje kwanza, halafu rudi uendelee kusoma.

Wazo lenyewe

Moto hula hewa. Ukipunguza hewa inayoingia chini ya kuni, moto unapoa, ukiongeza, unapanda. Tunachotaka ni kilango kidogo kwenye tundu la hewa, kinachovutwa na springi ya metali mbili zilizobanwa pamoja. Metali hizo hazitanuki sawa zikipata joto, kwa hiyo springi hujizungusha yenyewe. Jiko likipoa, springi inainua kilango. Likichemka, springi inalegeza na kilango kinashuka kwa uzito wake.

Si jambo jipya. Mwanzoni mwa karne ya 17 Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyefanya kazi Uingereza, alitumia pombe kali inayotanuka na zebaki kufunga kilango cha tanuru lake joto lilipozidi. Mwaka 1885 huko Minneapolis, Marekani, Albert Butz alibuni mashine ya kuinua kilango cha hewa cha tanuru la makaa ya mawe nyumba ilipopoa, na vidhibiti joto vingi vya majumbani vilianzia kwenye wazo lile. Sisi tunafanya kazi ileile kwa springi ya gari bovu.

Sheria ni moja, na sitachoka kuirudia: tunadhibiti hewa inayoingia, moshi unaotoka hauguswi. Mwaka wangu wa kwanza niliweka kilango cha kujifunga kwenye bomba la moshi, kwa sababu ilionekana rahisi. Saa tisa usiku mwanangu aliamka anatapika na kichwa kinamgonga. Tulifungua madirisha na milango, tukakaa nje na mablanketi mpaka kukapambazuka. Ukibana moshi, huna pengine pa kuupeleka isipokuwa chumbani. Ukibana hewa inayoingia, bomba linaendelea kuvuta hata moto ukiwa mdogo.

Andaa vitu hivi

- Springi ya choki ya kabureta. Kabureta ni kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwenye injini. Springi hiyo ni utepe wa chuma uliojiviringa kama dawa ya mbu ya kuchoma. Magari mengi ya zamani yenye choki ya kujiendesha yanayo, ndani ya kifuniko cha duara ubavuni mwa kabureta. Muulize fundi kabureta, au tafuta Mwanjelwa au Makambako kwa wauza vyuma chakavu. Chukua mbili, moja iwe ya akiba.
- Bomba la mraba la chuma la milimita 60 kwa 60, urefu wa sentimita 10.
- Kipande cha bati tambarare la geji 28, sentimita 8 kwa 8.
- Bolti ndefu ya milimita 6 yenye nyuzi mwili mzima, urefu wa sentimita 15, nati zake sita na washa.
- Chuma bapa cha milimita 20 kwa 3, nusu mita.
- Spoki tatu za baiskeli.
- Mnyororo mwembamba sana, kama wa kufungia funguo, sentimita 60.
- Kamba ya fiberglasi ya kuziba mlango wa jiko. Ukiuziwa ya asbesto, ikatae. Vumbi lake huharibu mapafu.
- Kipimajoto cha chuma kinachofika nyuzi 300 au zaidi. Kile cha kupima homa hakifai hata kidogo, kinaishia nyuzi arobaini na kitu.
- Drili, msumeno wa chuma, mkasi wa bati, plaizi, na fundi wa kuchomelea kwa kazi ya dakika ishirini.
- Ukiweza kuipata, kengele ya kaboni monoksaidi ya betri. Mimi ningenunua hiyo kabla ya kipimajoto.

Kabla hujashika drili

Angalia mambo matatu, maana kilango hakiponyi jiko bovu.

La kwanza ni bomba. Huku juu hewa ni nyepesi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina uzito pungufu kwa takribani moja ya tano ukilinganisha na ya Tanga au Dar es Salaam. Uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600, pungufu ni kubwa zaidi. Hewa nyepesi maana yake mvuto dhaifu. Kwa hiyo usinakili kipimo cha bomba kutoka mahali pa chini. Kutoka juu ya jiko hadi kwenye kofia weka mita 5 kama unaweza, na ncha ipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, yakiwemo mapaa. Sehemu ya bomba iliyo ndani ya nyumba isiwe ya bati la zinki. Karibu na jiko joto ni kali, na zinki ikiungua hutoa moshi wa sumu. Tumia chuma cheusi.

La pili ni kuvuja. Washa jiko, zungusha ubani au kijinga kinachotoa moshi kwenye kila mshono na ukingo wa mlango. Moshi ukinyonywa ndani, hapo pana mwanya. Ziba mlango kwa kamba ya fiberglasi. Mishono midogo izibe kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na majivu, au mwite fundi aichomelee. Narudia kwa sababu hapa ndipo wengi wanapochemsha: jiko linalovuta hewa kupitia mlango halitasikia amri ya kilango chochote.

La tatu ni kuni. Baridi yetu inakuja mara tu mvua zinapokatika, kwa hiyo mwati uliokatwa Machi bado una maji mwezi Juni. Pasua kuni za mwaka kesho kati ya Julai na Oktoba mwaka huu, zipange chini ya banda zipitiwe na upepo. Kuni kavu ukizigonganisha zinalia ko, ko. Mbichi zinatoa sauti ya du. Mwati na mlingoti vinakaa muda mrefu motoni. Msindano na mabanzi ya viwanda vya mbao ni vizuri kuwashia, ila kulaza navyo jiko zima ni kujitafutia masizi na lami.

Hatua kwa hatua

1. Toa springi kwenye kifuniko chake. Kifuniko ni cha plastiki au bakelaiti, hakifai karibu na jiko. Ncha ya ndani ya springi imekaa kwenye ufa wa kijiti. Ivute taratibu kwa plaizi. Usiinyooshe wala kuikunja. Ncha ya nje ina ndoano, iache ilivyo.

2. Ipime kwa maji. Shika ncha ya ndani kwa plaizi, itumbukize springi kwenye maji ya baridi, tazama ndoano inaelekea wapi. Kisha itumbukize kwenye maji yanayochemka. Huku kwetu maji hayasubiri nyuzi 100: Mbeya mjini yanachemka karibu nyuzi 94, Njombe karibu 93, Kitulo karibu 91. Kwa kazi hii hayo yanatosha. Ndoano ikisogea kama mkono wa dakika unaotembea dakika 8, springi ni nzima. Ikisogea chini ya dakika 5, tafuta nyingine. Andika kwa chaki imezungukia upande gani ilipopata joto, na imesogea kiasi gani. Utahitaji maandishi hayo baadaye.

3. Toboa tundu la hewa. Liwe ubavuni mwa jiko, chini ya vyuma vinavyokalia kuni, mahali pa majivu. Likate litoshee bomba la mraba. Kabla ya kulichomelea, kata mdomo wa nje wa bomba hilo kwa mshazari, ubavu wa chini uwe mrefu kwa sentimita 1 na nusu kuliko wa juu. Mshazari huo ndio utakaofanya kilango kilale chenyewe kikiachiwa. Ndani ya jiko, mbele ya tundu, weka kibamba cha kuzuia makaa yasidondokee nje.

4. Ziba matundu mengine yote ya hewa ya zamani. Yaliyo mlangoni, ya mlango wa majivu, yote. Hewa iwe na njia moja tu.

5. Tengeneza kilango. Kata bati liwe milimita 75 kwa 75. Kunja ukingo wa juu uzunguke spoki. Spoki hiyo ndiyo bawaba. Chomelea masikio mawili madogo kwenye kona za juu za bomba la mraba, pitisha spoki. Kilango kianguke chenyewe na kulala vizuri mdomoni. Kikikwama mahali, piga msasa. Usitumie bati nene: springi ya choki haina nguvu ya kuinua bamba la milimita 2, na hilo nimeliona likimpotezea mtu siku nzima.

6. Toboa kilango matundu mawili ya milimita 10. Haya hayazibwi kamwe. Hata kilango kikifunga kabisa, moto upate hewa ya kuunguza gesi zake na bomba liendelee kuwa na joto la kuvuta. Asiyetoboa matundu haya ametengeneza jiko la sumu. Siwezi kulisema kwa upole zaidi ya hapo.

7. Tengeneza kiti cha springi. Kunja chuma bapa kiwe umbo la U, toboa pande zote mbili matundu ya milimita 6 na nusu yanayoelekeana. Pitisha bolti ndefu. Ncha ya bolti inayoelekea jiko ichane kwa msumeno kina cha milimita 5. Humo ndimo inapoingia ncha ya ndani ya springi. Ndoano ya nje ifunge kwenye kiti kwa bolti ndogo ili isitembee. Sasa springi ikipata joto, itazungusha bolti. Bolti izunguke kwa ulaini kabisa. Usipake grisi, itaungua na kuganda. Unga wa kiini cheusi cha penseli unatosha.

8. Funga mkono. Kwenye ncha ya mbali na jiko, bana spoki kati ya nati mbili ili ichomoze sentimita 8. Hapa watu wengi hushangaa: mkono unashuka jiko likipoa badala ya kupanda. Usibomoe kitu. Ugeuze mkono uelekee upande wa pili wa bolti, kilichokuwa kinashuka kitapanda.

9. Funga kiti ubavuni mwa jiko, juu ya tundu la hewa, usawa wa katikati ya moto. Springi isiguse ubavu. Tumia nati kama vikalio, iachie nafasi ya sentimita 2 au 3. Ikipata joto kupita kiasi springi inapoteza ukakamavu wake na hairudi tena. Ifunike kwa kopo lililokatwa, upande wa jiko ukiwa wazi, ili upepo wa mlangoni usiidanganye.

10. Unganisha mnyororo. Ncha moja kwenye ukingo wa chini wa kilango, nyingine ining'inie kwenye ncha ya mkono. Spoki ikunje iwe ndoano, uweze kubadilisha pete ya mnyororo kwa kidole. Pete ndizo namba zako za joto: ukifupisha mnyororo, jiko linakuwa la moto zaidi, ukiurefusha, linapoa. Mnyororo ukikatika, kilango kinaanguka na kufunga. Hivyo ndivyo tunavyotaka.

11. Washa kwa mara ya kwanza asubuhi, siyo jioni. Mnyororo uache, kilango kishikilie wazi kwa kijiti. Washa kwa vipande vidogo vikavu. Weka kipimajoto kwenye bomba, sentimita 45 juu ya jiko. Kikifika nyuzi 150, ongeza magogo mawili, toa kijiti, tundika mnyororo.

12. Tafuta pete yako. Bomba likisoma nyuzi 200 kwa nje, kilango kiwe karibu kimefunga. Likishuka 150, kiwe kimeanza kufunguka. Badilisha pete moja kwa wakati na usubiri nusu saa. Chuma ni kizito, hakijibu upesi, na anayebadilisha kila dakika tano atazunguka mpaka jioni. Ukipata pete sahihi, ipake rangi.

Huna kipimajoto? Dondosha tone la maji juu ya jiko lenyewe. Likitanda na kukauka kwa mlio, sehemu hiyo imepita kiwango cha kuchemka. Likijikunja na kurukaruka kama gololi, imekaribia nyuzi 200 au imezidi. Si kipimo cha maabara, lakini kinakutofautishia jiko lililolala na jiko linalokimbia.

Usiku tatu za kwanza

Usiku wa kwanza mtu mzima akae macho. Wa pili aamke kila baada ya saa mbili. Wa tatu mara moja. Katika usiku hizo dirisha moja liwe na upenyo wa vidole viwili, na upenyo huo ubaki hata baadaye, kwa sababu jiko linahitaji hewa ya kuvuta kutoka mahali fulani. Nyumba mpya za tofali zenye madirisha ya aluminiamu hubana sana kuliko za mababu zetu.

Kichwa kikiuma, tumbo likichafuka, au watu wawili wakisinzia ghafla pamoja, toka nje wote. Usianze kutafuta tatizo ukiwa ndani.

Pima pia umbali: sentimita 90 kutoka jiko hadi kitu chochote kinachoungua, sentimita 45 kutoka bomba la ukuta mmoja. Nyumba nyingi za Njombe na Mufindi zina dari ya mbao, na pale bomba linapopenya dari ndipo moto huanzia. Hapo livalishe bomba pana zaidi la chuma kwa nje, pawe na nafasi kubwa ya hewa katikati. Fundi akikwambia bati moja linatosha, tafuta fundi mwingine.

Wanaouliza kuhusu kilango cha mizani na kuhusu umeme

Kuna kilango kingine kinachowekwa kwenye bomba la moshi chenyewe, chenye uzito mdogo wa mizani. Mvuto ukizidi kinafunguka na kuingiza hewa ya chumbani kwenye bomba, jiko likapumzika. Hiki hakizibi moshi, kwa hiyo si kile kilichomuumiza mwanangu. Hata hivyo kwenye kuni kina shida mbili: hewa baridi inaupoza moshi na kuacha lami ndani ya bomba, na lami hiyo ikishika moto, kilango kinaulisha hewa. Nakipendekeza tu kwa nyumba iliyo mgongoni mwa mlima, yenye bomba linalopita mita 6 na upepo mkali wa Julai, na mwenye nyumba awe mtu wa kusafisha bomba kila mwezi. Wengine wekeni kofia nzuri ya upepo, basi.

Vijana wenye sola wanataka kutumia mota ndogo na kihisi joto. Inawezekana na inapendeza. Tatizo ni kwamba betri ikiisha, mota hubaki pale ilipo, na inaweza kubaki imefungua huku jiko limejaa mwati. Ukifanya hivyo, weka springi ya kuvuta kilango kifunge umeme unapokatika. Kwa nyumba ya wazazi wangu nimeweka ya choki.

Ikikusumbua

*Kilango kinapigapiga, kinafungua na kufunga bila kutulia.* Mara nyingi ni upepo unaoingia moja kwa moja kwenye mdomo. Weka kibamba cha kukinga mbele yake, kwa umbali wa sentimita 8. Kama upepo haupo, kilango ni chepesi mno: bandika washa moja kwenye ukingo wa chini.

*Jiko linatoa mshindo mdogo na moshi unaruka mlangoni.* Ulijaza kuni nyingi juu ya makaa mekundu huku kilango kimefunga. Gesi zikajikusanya, hewa ilipoingia zikawaka kwa mkupuo. Unapoongeza kuni, shikilia kilango wazi kwa kijiti dakika kumi, na weka magogo mawili au matatu, usishindilie. Hakikisha matundu mawili ya milimita 10 hayajazibwa na majivu.

*Kilango kimefunga lakini jiko bado linawaka kwa nguvu.* Kuna mahali linavuta hewa. Rudi kwenye kipimo cha ubani. Anza na mlango wa majivu, mara tisa kati ya kumi ni huo.

*Alfajiri makaa yamekufa na kuni hazijaisha, zimeungua nusu.* Mnyororo ni mrefu, fupisha pete moja. Ikiwa bado, kuni ni mbichi.

*Moshi unarudi chumbani ukifungua mlango.* Bomba ni baridi, fupi, au limeziba. Fungua kilango kwa mkono dakika mbili kabla ya kufungua mlango, na ufungue mlango polepole. Ikiendelea, pandisha bomba.

*Lami nyeusi inatiririka kwenye maungio ya bomba.* Jiko limekuwa likiendeshwa baridi mno. Moshi ukishuka chini ya nyuzi 120 hivi ndani ya bomba, mvuke na lami vinaganda ukutani. Safisha bomba kwa brashi ya waya, kisha fupisha mnyororo. Kila asubuhi lipe jiko moto mkali wa dakika ishirini.

*Bomba linanguruma kama lori linalopanda Kitonga.* Hiyo lami imeshika moto. Funga kilango kabisa, ziba yale matundu mawili kwa kitambaa kilicholowa (hii ndiyo ruhusa pekee ya kuyaziba), usifungue mlango wa jiko, toa watu wote nje, ita msaada, na kagua dari na paa kutoka nje. Usimwage maji kwenye bomba la moto, litapasuka. Baada ya hapo jiko lisiwashwe mpaka bomba lote likaguliwe kipande kwa kipande.

*Kilikuwa kinafanya kazi, mwaka huu hakijibu.* Toa springi, itumbukize tena kwenye maji baridi na yanayochemka, linganisha na yale maandishi ya chaki. Kama inasogea vilevile, tatizo ni kutu kwenye bolti au mnyororo. Kama inasogea nusu ya zamani, imechoka. Ile ya pili uliyoinunua ndiyo zamu yake. Mimi hupima springi za nyumba yetu kila wiki ya mwisho ya Mei, siku ileile ninayopanda juu kusugua bomba.